Nikimpelekea unga, nitakuwa nampinga Mungu?

Bwana Yesu asifiwe, mama. Shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala la kanisa letu, maana Kibirizi hapa Kigoma ni padogo. Mtu akipiga chafya mwaloni hapa, Katonga wameshamwambia pole. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa. Kanisani tuna kikundi cha maombi, wengi wetu akina mama na akina baba wachache, na ndani yake tuna kikoba, mfuko wetu wa kuweka na kukopeshana. Mweka hazina ni mimi.

Mwaka 2024 tulipotangaziwa kwamba Ziwa Tanganyika litafungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, tulikaa tukasema dagaa wataadimika na bei itapanda, basi tununue mapema tuweke stoo. Tukachanga shilingi 1,400,000. Laki mbili kati ya hizo zilikuwa zangu, nilizoziweka kwa ajili ya mtoto wangu anayemaliza la saba. Fedha zote tukamkabidhi katibu wetu, dada mmoja anayejua dagaa kuliko sisi sote, tena mume wake ana boti. Hakusaini popote. Tulimwombea tukampa.

Juni yote tukimuuliza anasema mzigo uko kwa shemeji yake Ujiji. Julai hivyo hivyo. Agosti tukasema sasa tukautoe tuuze, ndipo akaanguka chini akilia. Dagaa hawapo na hawakuwahi kuwapo. Fedha ilinunua mashine ya boti ya mumewe, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imekufa. Hesabu yake ilikuwa kwamba ziwa likifunguliwa wataingia giza mbili tatu, zile siku za usiku bila mbalamwezi, atarudisha kila kitu kabla hatujajua. Alikiri mbele yetu wote. Hakuna aliyemjibu. Tulifunga kwa sala, kila mtu akaenda kwake.

Ziwa lilipofunguliwa alilipa laki moja na nusu. Novemba, mvua zimeshaanza, upepo ukawakuta usiku wakiwa mbali. Boti ikapinduka. Watu waliokolewa wote, lakini mashine, wavu na taa vilienda chini. Usiku ule ule zilipinduka boti nyingine mbili, moja ya tajiri ambaye sijasikia ana deni na mtu. Haikupita muda mtoto wao wa mwisho, ana miaka minne, akashikwa na malaria kali, akalazwa hospitali ya Maweni na kuongezewa damu.

Kikundi kilipokutana niliuliza tuchange nini. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, akasimama na Biblia akasoma Waebrania 12, pale pasemapo Bwana humrudi yule ampendaye. Akafunga kitabu, akasema: "Ndugu, Bwana yuko kazini. Baba akimchapa mtoto wake, jirani haingilii. Tukipeleka chakula tunamzuia Mungu asimalize kazi yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Wengi wakaitikia amina. Ikaamuliwa asitembelewe wala asichangiwe hadi Bwana amalize naye. Sasa hata sokoni wapo wanaompita kama hawamwoni.

Mimi na yeye tunatenganishwa na ua wa matete tu. Jioni nasikia kwake hakuna sufuria inayogongwa. Nikashindwa. Nikachukua kilo tano za unga wa muhogo na chupa ya mawese, nikatia kwenye ndoo, juu nikafunika nguo chafu kama mtu anayekwenda kufua. Nilimkuta amekaa kizingitini, mtoto amelala kwenye kanga. Hakunikaribisha. Akasema, "Dada, rudisha. Mungu ananipiga, niache nipigwe mpaka aridhike." Karatasi ya kumrudisha mtoto kliniki ilikuwa imechomekwa juu ya mlango na siku yake imeshapita. Nikamuuliza mbona hukwenda, akanijibu kwamba kwenda ni kukimbia fimbo. Halafu akasema neno ambalo limeninyima usingizi: "Bora ziwa lingenichukua mimi." Mume wake, ambaye si mtu wa kanisa, akacheka huko ndani: "Kumbe huyo Mungu wenu huwa anavizia mashine za watu."

Niliacha unga nikatoka. Mwenzetu mmoja akaniona na ndoo tupu. Nimeitwa kikaoni Jumamosi ijayo nijieleze. Pia wameandaa barua kwa mchungaji kuomba dada huyu atengwe, na mimi kama kiongozi wa kikundi natakiwa nitie saini.

Mama, je, ni kweli Mungu anamrudi? Na kama ndivyo, nikimpelekea unga nitakuwa nampinga Mungu? Nikwambie pia ukweli wote: bado nina hasira naye. Mtoto wangu anaingia kidato cha kwanza Januari na laki mbili zangu sizioni. Siku niliposikia mashine imezama, kuna kitu moyoni kilisema afadhali. Kimeniogopesha.

Mweka hazina, Kibirizi

*

Marahaba, mwanangu. Bwana asifiwe.

Waebrania tutawafikia, na kikao tutakifikia. Kwanza, ukimaliza kusoma hapa, vuka huo ua wa matete. Mtu anayesema bora ziwa lingemchukua, naye anaishi Kibirizi, hatua chache na maji, hayo si maneno ya kuyaacha yapite. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Mwambie mumewe, hata kama atakudhihaki, kwamba mke wake asiachwe peke yake, hasa usiku ambao yeye yuko ziwani. Halafu nendeni wote watatu Maweni, wewe, yeye na mtoto. Siku ya kliniki kupita si kitu, mtoto aliyeongezewa damu kwa malaria lazima aangaliwe tena damu yake imesimama wapi. Na mkiwa huko, mwambie muuguzi au daktari maneno aliyoyasema mama yake. Usione haya kumsemea.

Akikuambia tena kwamba hospitali ni kukimbia fimbo, msimulie habari za mfalme Hezekia. Isaya alimletea neno kutoka kwa Bwana kwamba atakufa. Hezekia akageukia ukutani akalia, Bwana akasikia, na nabii yule yule aliyeleta hukumu ndiye aliyeagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Ipo katika 2 Wafalme 20. Kama dawa ingekuwa kumkimbia Mungu, Isaya ndiye angekuwa wa kwanza kuikataza.

Sasa tuje kwa mzee wenu. Hakubuni andiko, lipo, na mimi nalipenda. Ila nina maswali juu ya namna lilivyotumika.

La kwanza, barua ile waliandikiwa watu gani? Rudi nyuma hadi sura ya 10 uone. Ni watu waliotukanwa hadharani, walionyang'anywa mali zao, waliowachukulia wafungwa kama ndugu, na yote hayo kwa sababu ya imani yao. Hakuna hata mmoja anayeambiwa pale kwamba ameiba. Wanaumia kwa kuwa wameamini, nao wamechoka, wapo walioanza kuacha kukusanyika. Mwandishi anawaambia maumivu haya Baba atayatumia kuwalea. Ni maneno ya kumwinua mtu aliyechoka, nanyi mmeyageuza kuwa hati ya kumfungia mtu mlango.

La pili, yanasemwa kwa nani? "Mwanangu, usiyadharau marudia ya Bwana, wala usizimie moyo ukikemewa naye." Ni maneno ya Mithali 3, na yanasemwa na baba kwa mwana. Mwenye maumivu akipiga magoti chumbani kwake akasema, Bwana, hapa unanifundisha, hiyo ni haki yake, na huenda ni kweli. Lakini mtu aliyekaa kwenye benchi la nyuma, amekula, ameshiba, mashine yake iko nyumbani imefunikwa turubai, nani amempa jalada la kesi asome?

Kwa hiyo unaponiuliza kama Mungu anamrudi jirani yako, nakujibu hivi: hakuna mtu katika kikundi chenu aliye na uwezo wa kusema ndiyo. Upepo wa Novemba wavuvi wote wa Kigoma wanaujua. Usiku ule zilipinduka boti tatu. Mzee ameieleza moja. Hizo mbili anazielezaje? Yesu aliletewa habari za namna hii, akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia waliomletea habari: msipotubu, ninyi nanyi mtaangamia. Hakuacha mtu akae pembeni akihesabu dhambi za waliokufa.

Kitu kimoja tunakijua bila kungoja dhoruba. Dada huyu alichukua fedha za wenzake, na akadanganya tangu Juni hadi Agosti. Ni dhambi, na sitaipaka mafuta. Lakini kumbuka alikiri. Wewe unatafuta mkono wa Mungu kwenye mawimbi ya Novemba. Mimi nauona zaidi siku ile ya Agosti alipoanguka chini akasema ukweli ambao angeweza kuendelea kuuficha. Pale palikuwa na kazi ya Roho, tena mbele ya macho yenu, na ninyi mkafunga kwa sala mkaondoka. Nikisoma mstari huo wa barua yako naona baridi.

La tatu ndilo kubwa. Mzee alifunga kitabu mapema. Ile sura inasema adhabu wakati wake ni huzuni, na baadaye huzaa matunda ya haki yenye amani. Huo ni mstari wa 11. Angesoma hatua moja tu mbele: "Kwa hiyo inyosheni mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza." Fikiria ulichokiona kizingitini. Mwanamke amekaa, mtoto kwenye kanga, hata nguvu ya kukukaribisha hana. Mikono iliyolegea ndiyo hiyo. Andiko linaendelea kwamba kilicho kiwete kisipotoshwe bali kiponywe, na kwamba muangalie sana mtu yeyote asiipungukie neema ya Mungu. Kazi ya kuangaliana hapo wamepewa wote, mzee, mweka hazina na yule aliyeiona ndoo yako. Kwa hiyo hata tukikubali, kwa ajili ya kuzungumza tu, kwamba Mungu anamrudi, amri inayofuata kwa walio karibu naye ni kumshika mkono. Anayempinga Mungu hapo si mwenye unga.

Anasema baba akimchapa mtoto jirani haingilii. Vema. Ila ninyi si majirani, ninyi ni watoto wa nyumba moja naye. Sijapata kuona nyumba ambayo mtoto akichapwa alasiri, ndugu zake wanakatazwa kumsogezea bakuli jioni. Tena kwetu aliyechapwa hukimbilia kwa bibi, bibi humfuta machozi, humpa ugali, humwambia baba yako alikuwa na haki, kesho kaombe radhi. Na baba husikia yote hayo akiwa uani, akanyamaza, kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Najua Jumamosi wanaweza kukutolea 1 Wakorintho 11, ambapo Paulo anasema kwa sababu hiyo wengi wenu ni dhaifu na wagonjwa, na wengine wamelala. Hapo kweli mtume anaunganisha ugonjwa na marudi ya Bwana, siwezi kukuficha. Lakini usikubali wasome mistari miwili tu. Waombe warudi juu waone kosa lenyewe lilikuwa nini. Wakorintho walikutana kwa chakula cha Bwana, waliokuwa nacho wakatangulia kula wakashiba hadi kulewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa palepale, wakitahayarishwa. Hilo ndilo lililowaletea marudi. Na dawa ambayo Paulo anawapa ni kwamba wakikutana kula wangojane. Sasa sema kwa upole, bila kumkazia macho mtu: katika Kibirizi yetu, ni nani amekula na kumwacha mwenzake na njaa kwa jina la Bwana? Mimi ningeogopa sura ile kuliko mnavyoiogopa Waebrania 12.

Kuhusu barua ya kumtenga, usitie saini. Sisemi kwamba kanisa halina haki ya kumwonya mtu au hata kumtenga. Linayo, na makanisa yetu mengi yana utaratibu wake. Lakini Bwana mwenyewe aliweka ngazi katika Mathayo 18. Unamwendea mwenzako peke yenu. Asiposikia, unachukua mmoja au wawili. Asiposikia hao, ndipo kanisa. Na asipolisikia kanisa, ndipo hilo la kutengwa. Nani alimwendea huyu peke yake? Hata mmoja, nadhani. Mambo yalianza na kuishia hadharani. Na ngazi ile yote inahusu mtu anayekataa kusikia. Huyu alisikia, alikiri, na ameanza kulipa. Mtu wa namna hiyo hatafutiwi mlango wa kutokea. Paulo aliwaandikia hao hao Wakorintho juu ya mtu aliyeadhibiwa na kanisa, akasema imetosha, sasa msameheni na kumfariji, asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi. Kumezwa. Soma 2 Wakorintho 2 huku ukikumbuka neno alilolisema jirani yako juu ya ziwa.

Na yeye mwenyewe umsaidie kuona kwamba andiko lile lina makatazo mawili. Kudharau marudi ni kosa, na kuzimia moyo nako kumekatazwa. Kikundi kinamwogopea la kwanza, kumbe yeye ameshaangukia la pili. "Niache nipigwe mpaka aridhike" si toba, mwanangu. Hayo ni maneno ya mtu anayemwona Mungu kama mkopeshaji asiyejua kusamehe riba. Mwambie kwamba msalabani kuna mtu alishapigwa, na hakuna nyongeza inayodaiwa kwa mtoto wake wa miaka minne.

Sasa fedha, maana hapa ndipo kusamehe huwa kunatuchanganya. Deni ni deni. Wagalatia 6 inasema mchukuliane mizigo, na mistari michache chini yake inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Njaa ya wiki hii na mtoto mgonjwa ni mzigo, shikeni pamoja. Shilingi 1,250,000 zilizobaki ni furushi lake, na kumfutia haraka haraka ili muonekane wapole hakutamponya. Zakayo alipoguswa hakuimba tu, alitaja kiwango cha kurudisha. Kaeni naye akipata nguvu, muandike: anadaiwa kiasi gani, atalipa kidogo kidogo kwa utaratibu gani, atie saini na ninyi mtie saini. Kwa sasa boti haina mashine, kwa hiyo msimwandikie kiwango cha mtu mwenye boti. Anajua dagaa, umesema. Basi anaweza kuajiriwa kuwaanika na kuwageuza kwenye chanja zenu, akakatwa sehemu ya ujira na sehemu akanunulia chakula. Kushika fedha za kikundi, hapana, si sasa. Kumsamehe mtu hakuwalazimishi kumpa tena funguo.

Na kwa kuwa nimetaja funguo: vikoba vingi hutunza fedha kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Nahisi na ninyi mnalo. Kwa nini shilingi 1,400,000 zilitoka kwa maombi tu, bila saini ya mtu yeyote? Mliyempa ni mwanamke ambaye mashine ya mume wake ilikuwa imekufa. Kosa ni lake, silihamishi. Lakini mlimwekea jaribu mlangoni mkaliita imani, na kikundi hakijalitamka hilo hata mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo wewe kama mweka hazina unapaswa kulijua kuliko mimi. Vikoba huwa na mfuko wa jamii, ile michango midogo ya kila mkutano kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kama na ninyi mnao, naye amechangia miaka yote hiyo. Fungua katiba yenu usome: mwanachama akiuguliwa na mtoto hadi kulazwa anastahili nini? Imeandikwa popote kwamba mwenye deni anapoteza haki hiyo? Kama haijaandikwa, basi mkikaa na fedha hiyo mnakaa na fedha yake, na mtakuwa mnamfanyia lile lile alilowafanyia.

Lakini usiitoe kwa siri, hata shilingi. Toa iliyoamuliwa kikaoni. Unga wako ni wako, huo hauhitaji kikao, na siku nyingine uubebe kichwani mchana watu wakiona. Nguo chafu juu ya ndoo zinafanya tendo jema lionekane kama wizi, na kuna watu wangependa sana lionekane hivyo.

Hasira yako sitaikemea. Laki mbili si kitu kidogo kwa mama anayeuza dagaa, na umeibiwa na mtu uliyemwamini. Mwambie hivyo yeye mwenyewe, si leo, akishapata nafuu: uliniumiza, na mtoto wangu anaumia. Usimwambie "yameisha" wakati hayajaisha. Kuhusu lile neno "afadhali", hilo ndilo shina la uchungu ambalo Waebrania 12 inalitaja baada ya magoti yaliyopooza. Wewe umeliona likichipuka ukaogopa, halafu ukapeleka unga na hasira yako ikiwa bado moyoni. Wapo katika kikundi chenu walioitikia amina kwa sababu ya "afadhali" ile ile, ila wao wameivisha mstari wa Biblia. Usiwahukumu sana. Wengi walipoteza fedha, na hakuna aliyewapa nafasi ya kusema wameumia. Wakapewa tu nafasi ya kusema Mungu analipiza.

Kabla ya Jumamosi, mwendee huyo mzee nyumbani kwake. Peke yenu, kama Mathayo 18 inavyotaka. Mwamkie, kaa chini, mweleze kila ulichokiona kizingitini, na neno la ziwa ulirudie kama lilivyo. Mtu aliyesimama na Biblia mbele ya watu huwa mgumu kurudi nyuma mbele ya watu hao hao. Mpe njia ya kurudi akiwa sebuleni kwake. Mwombe asome nawe kuanzia mstari wa 12, yeye ndiye asome. Ninavyowajua wazee wa namna hiyo, wengi si wakatili. Wanamwogopea Mungu asionekane amedharauliwa. Akikubali, mwombe yeye ndiye awe wa kwanza kwenda kwa yule dada, kwa sababu mlango ule aliufunga yeye. Na mume wa dada, aliyecheka kule ndani, msimhubirie. Mzee akiingia na kumwambia tulikosea kutowatembelea, hayo yanatosha kwa siku ya kwanza.

Akikataa, nenda kwa mchungaji kabla ya kikao, ukiwa na katiba ya kikundi na karatasi ya madeni. Kikaoni usijitetee kwa maneno mengi. Sema nilipeleka chakula changu kwa ndugu yangu mwenye njaa, nitapeleka tena, na barua hiyo sitaitia saini. Kisha weka mezani hoja ya mfuko wa jamii na ya makubaliano ya deni, wapige kura.

Ukimaliza ya dada, usikae kimya juu yako. Shule ya serikali haina ada tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na begi vinanunuliwa, na wewe fedha yako imezama na wenzako wanajua. Waambie mtoto wako anaingia kidato cha kwanza Januari na huna. Kama kikundi kinaweza kukukopesha, au kila mmoja akashona au kununua kitu kimoja, omba hapo hapo, kwa sauti, na mwandishi aandike.